Kibanio na Vifungo Vitatu vya Unywele

Jina lake halisi lipo. Liko kwenye kitambulisho, mama yake mzazi hulitumia akiwa amekasirika, na mumewe hulitumia akiwa na kosa la kuombea msamaha. Watu wengine wote, kuanzia bosi wake pale saluni mpaka muuza vocha wa kona, wanamwita Kibanio. Ndiyo, kile kile unachokijua: cha plastiki, chenye meno, kinachovunjika siku unayokikalia.

Na kabla hujauliza, hapana, si kwa sababu anabania. (Ingawa taulo zake, jaribu kugusa moja uone.) Jina hili alijipa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi ya mtihani.

Ilikuwa hivi. Ofisi inayosimamia mambo ya saluni ilichoshwa na malalamiko ya watu walioingia na nywele wakatoka na kofia. Ikatangaza: msusi yeyote anayetaka kuendelea kupaka wateja dawa, iwe ya kunyoosha au ya kukunja, lazima awe na cheti. Wasusi arobaini wakakusanywa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, Jumatatu sita mfululizo, wafundishwe nadharia. Huyu wetu alihudhuria zote sita. Alikaa nyuma kabisa, chini ya feni, na kwa mtu anayeshinda wima kuanzia Jumanne mpaka Jumapili, kiti na upepo ni mtego. Yaani mwili ulihudhuria mara sita, akili mara tatu.

Swali la kwanza la mtihani likasema: "Taja vifungo vitatu vinavyoushika unywele."

Akacheka moyoni. Hivi ndivyo watu wanavyoogopa mtihani? Akaandika: "1. Kibanio. 2. Ribani. 3. Kile cha mpira, ila kinakata nywele, sishauri."

Sishauri! Mtu yuko kwenye mtihani, anatoa na ushauri.

Mkufunzi wao, bwana mmoja mpole mwenye kipara kinachometa kama sahani iliyotoka kuoshwa, hakumtaja jina. Ni mstaarabu yule. Alisema tu, "Kuna mwenzenu mmoja ameandika hivi," akasoma. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Na mambo yangeishia hapo, siri ingebaki siri, kama sauti moja yenye hasira isingepanda kutoka kiti cha nyuma:

"Kwani uongo? Mpira haukati?"

Basi. Alipofika saluni jina lilikuwa limeshatangulia, limekaa, limevuka miguu linamsubiri. Kwenye grupu la wasusi kulikuwa na stika ya sura yake ikiwa na kibanio kichwani. Mpaka leo mtu akiuliza swali la kipuuzi mle kwenye grupu, anatumiwa stika hiyo.

Ila tumwonee huruma kidogo, maana lugha yetu nayo ina vituko. Cha shati ni kifungo. Miaka mitatu jela ni kifungo. Halafu wataalamu wakakosa neno lingine dunia nzima, zile nguvu zinazoshikanisha atomu na atomu ndani ya kitu nazo wakaziita vifungo. Jioni moja kabla ya kurudia mtihani, Kibanio aliandika kwenye grupu la ukoo: "Wapendwa niombeeni, kesho nakabiliwa na vifungo vitatu."

Wifi yake anayeishi mbali, na ambaye hajawahi kusoma ujumbe mpaka mwisho tangu anunue simu, akampigia kaka yake huku analia.

"Kaka, amefanya nini wifi?"

"Hajafanya kitu. Ni vya nywele."

"Ameiba nywele? Na vifungo vyenyewe, atatumikia vyote kwa pamoja au kimoja baada ya kingine?"

Ilichukua nusu saa kumtuliza, na mpaka leo bado haamini vizuri.

Mtihani wa pili haukwenda vizuri zaidi. Safari hii alikariri majina yote matatu kama wimbo: cha hidrojeni, cha chumvi, cha salfa. Swali likageuka. "Ni kipi kati ya vifungo hivyo huvunjwa na maji?" Akafikiri, akatafuna kalamu, akaandika: "Vyote. Inategemea na mvua."

Sasa hapo utani ukaanza kuisha nguvu, kwa sababu nafasi zilikuwa tatu tu. Ukianguka ya tatu, unabaki msusi wa kuosha na kusuka. Dawa huigusi tena. Saluni yao ina viti vinne na sinki moja, na kiti cha dirishani ndicho cha dawa. Kibanio amekisimamia kiti hicho miaka kumi na saba. Anajua kipande gani cha sakafu kimelegea chini ya mguu wake wa kushoto. Wateja wake huja na mabinti zao, na mabinti wakikua huja na siri zao.

Bosi, mama mmoja mnene wa huruma anayesema mabaya kwa sauti ya kubembeleza, alimwita pembeni. "Dada yangu, mimi nakupenda. Lakini ukikosa na hii, kiti cha dirishani atakisimamia Vidole. Wewe utakuwa kwenye sinki."

Vidole ni binti aliyefundishwa na nani? Na Kibanio mwenyewe. Kuanzia namna ya kushika kitana. Alifaulu mara ya kwanza, alama tisini na moja, na ni mtoto mzuri asiye na baya, jambo linaloudhi zaidi.

"Dada usijali," Vidole akamwambia kwa moyo safi kabisa, "mimi nitakuwa nakuletea vichwa vyepesi."

Vichwa vyepesi! Unajua sinki ni nini? Sinki ni kuuma kwa kiuno. Sinki ni miaka kumi na saba ya kuzoea nyuso za watu kwenye kioo, halafu uanze kuziona nyuso hizo hizo kidevu juu, macho chini. Siku hiyo Kibanio aliosha brashi moja dakika ishirini, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Jumatatu mchana, saluni imefungwa, akaenda karakana kwa mumewe. Fundi ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa maneno machache na cheche nyingi. Akamkuta kavua kofia ya kuchomelea, anakunywa maji. Akamtupia yale makaratasi ya darasani.

"Baba watoto, nisomee. Mimi nikisoma mwenyewe nalala."

Fundi akajifuta mikono, akasoma kwa sauti ile ya mtu anayesoma maelekezo ya jenereta. Kwamba unywele ni protini, na protini hiyo inaitwa keratini. Kwamba protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vimeshikana kimoja kwa kimoja.

"Mnyororo naujua," akasema, akavuta mmoja kutoka chini ya meza. "Ona. Pete hii na hii nimezichomelea. Hapa hata uvute na gari. Ndiyo nguvu ya unywele kwa urefu wake. Sasa weka minyororo mingi ubavu kwa ubavu. Kinachoishika isiachane ni hivyo vifungo vyako vitatu. Cha hidrojeni ni kama sumaku: kinashika, lakini ukivuta kidogo kimeachia. Cha salfa ni boliti, mpaka ulete spana."

"Mume wangu."

"Naam."

"Nikiingia mle ukumbini na sumaku na boliti, nitaandika geti."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, igeuze kwa lugha yako basi. Hidrojeni, wanasema, ya mnyororo huu inavutwa na oksijeni ya mnyororo ule. Hazijaungana kabisa. Zinavutana tu kwa mbali."

"Zinavutana kwa mbali." Kibanio akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Hazijaungana. Hao si ni wachumba?"

"Wanasema maji yakiingia yanavunja, kwa sababu maji nayo yana hidrojeni na oksijeni zake, kila upande unaacha mwenzake unashika maji."

"Ehee! Maji ni shoga mbea. Anaingia katikati ya wachumba, huyu anamwegemea, yule anamwegemea, wao kwa wao wameshasahauliana. Na akikauka?"

"Maji yakikauka zinashikana tena, popote zilipo."

"Ndiyo maana nikiloweka nywele nikazungusha kwenye rola nikazikausha, zinabaki na umbo la rola! Nimewachumbisha upya!" Akasimama, ndoo ikaanguka. "Na mteja akinyeshewa, uchumba umevunjika, anarudi analia eti niliseti vibaya. Mbea kapita! Miaka kumi na saba naifanya hii kazi na hakuna mtu aliyeniambia kwamba mimi ni mshenga!"

Fundi sasa alikuwa ameacha kazi kabisa. Kifungo cha chumvi kikasomwa: upande mmoja una chaji chanya, wa pili hasi, zinavutana, lakini ukileta kitu kikali, asidi ya ndimu au magadi, zinaachana.

"Majirani," Kibanio akaamua papo hapo. "Wanapatana vizuri mpaka mmoja amwage kitu kichungu mlangoni."

"Na salfa. Atomu mbili za salfa, kila moja kwenye mnyororo wake, zinachangia elektroni."

"Kuchangia vipi?"

"Kila moja inatoa yake, wanatumia pamoja."

"Wanakula sahani moja. Hao wameoana, baba watoto. Hawa hata ulete maji ya bahari nzima hawaachani. Hata pasi ya moto."

"Mpaka dawa."

"Mpaka dawa," akasema taratibu, na safari hii alikuwa anaangalia mikono yake. Kumbe kile ilichokuwa ikifanya mikono ile miaka yote ni talaka. Dawa ya kukunja ni talaka rejea: inaachanisha salfa na salfa, unazungusha nywele kwenye rola, halafu unapaka dawa ya pili na kila salfa inaolewa tena, ila na mwenza mpya aliyemkuta pale alipoangukia. Ile ya kunyoosha ni talaka tatu. Katika kila ndoa inanyofoa salfa moja isirudi, hakuna wa kumrudia.

"Na hapa wameweka onyo kwa herufi kubwa," Fundi akasema. "Nywele zilizopakwa dawa ya kukunja zisipakwe ya kunyoosha. Mnyororo wenyewe unakatika."

Kibanio hakucheka. "Hapo hujavunja ndoa. Umevunja ukoo."

Siku ya mtihani wa tatu ilikuwa ya vitendo na mdomo kwa pamoja. Watahiniwa ishirini, viti ishirini, vioo ishirini, na vichwa ishirini vilivyoletwa na ofisi, watu waliojitolea kutengenezwa nywele bure, kila kimoja na namba yake kifuani. Kibanio akavuta Kichwa Namba Tisa. Kadi yake ilisema: "Dawa ya kunyoosha. Dakika hamsini. Eleza vifungo husika." Mkufunzi alikuwa anazunguka na faili na kipara chake.

Namba Tisa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye bablishi mdomoni na nywele zilizonyooka, zinang'aa, zimepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, mwanangu. Nywele hizi zimewahi kupakwa dawa yoyote?"

"Hazijawahi. Za kuzaliwa."

"Za kuzaliwa mpaka nchani?"

"Mpaka nchani, anti. Haki ya nani vile."

Pasi haikumpa shaka. Pasi ni uchumba tu. Akavaa glavu moja, akaacha mkono wa kulia mtupu, akapitisha vidole. Karibu na ngozi ya kichwa, upana wa kidole kimoja, nywele zilikuwa zinajibu. Kuanzia hapo kwenda chini zikawa laini, ile laini ya kitu kilichochoka. Vidole vikasimama. Akachukua chupa ya kupulizia maji, akapuliza fungu moja nyuma ya sikio, akasubiri.

Fungu likaanza kujikunja. Sehemu ya juu ikafura inavyotaka yenyewe. Chini yake zikajitokeza duara, moja baada ya nyingine, saizi moja, kama spring za kalamu. Maji yalikuwa yameingia kati ya wachumba, kazi yote ya pasi ikasahaulika, na sasa waliobaki wameshikana walikuwa wanandoa. Hakuna mtoto anayezaliwa na spring za saizi moja zinazoanzia upana wa kidole kutoka kwenye ngozi. Akainama akanusa. Yai la kuchemsha, kwa mbali. Salfa hiyo.

"Mwanangu, ulikunja lini?"

Bablishi ikasimama. "Kukunja nini?"

"Usinizungushe. Muda unakwenda."

"Anti, mimi sijakunja. Wewe paka tu."

Sasa hebu simama mahali pake. Bakuli la dawa lipo mezani limeshakorogwa. Kadi inasema paka. Fomu inasema nywele ni safi. Mwenye kichwa anasema paka. Na dawa ile haikati nywele hapo hapo mbele ya watu kila mara. Mara nyingi mtu hutoka anapendeza, nywele zikaja kubaki kwenye kitana kesho yake asubuhi. Cheti kingetoka leo, balaa lingetoka kesho, na lawama angeandikiwa aliyejaza fomu. Hakuna mtu angemuuliza. Akachukua brashi. Akaichovya. Akaiona sinki kwa macho yake kabisa, na zile nyuso za kidevu juu.

Mkono ukagoma. Akairudisha brashi bakulini, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi wa darasa la pili.

"Mwalimu, sipaki."

Mkufunzi akaja. "Hupaki nini?"

"Dawa. Kichwa hiki kina dawa ya kukunja ndani yake."

Akafungua faili. "Fomu inasema hakijawahi kupakwa chochote."

"Mwalimu, fomu haina nywele."

Macho ya wasusi kumi na tisa yakapanda taratibu mpaka kwenye kipara, yakatua pale, yakashuka. Mkufunzi akakohoa.

"Mama, nisikilize vizuri. Alama sitini kati ya mia ziko kwenye hiyo kazi. Usipoifanya, naandika sifuri palipo na sitini. Na hii ni mara yako ya tatu."

"Najua ni ya ngapi."

"Anti, si nimeshakubali lakini," Namba Tisa akanong'ona.

"Wewe umekubali. Nywele hazijakubali." Akamgeukia Mkufunzi. "Nipe dakika tano. Nikate uzi mdogo nyuma ya sikio, usioonekana. Tuupake huo peke yake. Ukitoka mzima, napaka kichwa kizima na wewe niandikie unachotaka."

Mkufunzi akatazama saa. Akatikisa kichwa kukubali.

Kibanio akakata kifungu kidogo cha nywele, akakifunga uzi kwenye shina, akakitia kwenye kibakuli chenye dawa kidogo. Wote watatu wakainama juu ya kibakuli kama watu wanaosubiri chai ichemke. Dakika ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, spring zikalegea. Ya nne akakitoa kwa ncha ya kitana, akakisuuza, akakivuta kwa vidole viwili, polepole. Kikavutika. Kikaendelea kuvutika kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Kisha kikaachia, bila hata mlio, nusu ikabaki kwenye kidole chake kama ute.

Namba Tisa akameza bablishi.

"Wiki sita zilizopita," akasema, machozi yameshafika. "Kwa shangazi yangu. Jikoni. Zikaharibika, nikaona nije huku zinyooshwe bure. Walisema wenye dawa hawachukuliwi, ndiyo nikapiga pasi."

Mkufunzi alikuwa anakiangalia kile kidole. Mwishowe akauliza, taratibu, "Eleza kilichotokea. Kwa vifungo."

Na hapo, ndugu zangu, mwanamke akafunguka. Akaanza na wachumba na yule maji mbea aliyewatoa uwanjani na kuuumbua uongo wa pasi. Akapita kwa majirani na magadi yao. Akafika kwa wanandoa wa sahani moja, talaka rejea ya jikoni kwa shangazi, na jinsi wengi wa wale walioachanishwa hawakuoana tena vizuri, maana shangazi bila shaka aliharakisha dawa ya pili. ("Alisema simu inamwita," Namba Tisa akathibitisha.) Kwa hiyo minyororo ilibaki imeshikwa na ndoa chache tu. "Ukija na talaka tatu juu ya hapo, hazina pa kujishika. Dawa inaingia mpaka kwenye mnyororo wenyewe, kwa ndugu wa tumbo moja. Hapo hujavunja ndoa, mwalimu. Umevunja ukoo."

Watahiniwa wote walikuwa wameacha kazi, kuna mmoja dawa inamdondokea kwenye kiatu.

"Endeleeni na kazi zenu!" Mkufunzi akafoka, huku yeye mwenyewe kaegemea kiti. Kisha kwa sauti ya chini, "Uchumba ndilo jina la kitaalamu?"

"Kifungo cha hidrojeni. Uchumba tunasema tukiwa nyumbani."

"Na kichwa hiki sasa utakifanya nini? Umebakiwa na dakika ishirini na tano."

"Kukiosha, kuondoa ncha zilizokufa, kuzungusha rola, kukausha. Nitagusa hidrojeni tu. Hao wengine waachwe wapumzike."

Mkufunzi akaichukua ile kadi, akaandika "Kichwa kimekosewa", akakata neno "kunyoosha", akaandika "kuseti", akatia sahihi. Kibanio alikuwa bado hajamaliza rola ya mwisho kengele ilipolia. Moja ikabaki inaning'inia nyuma ya kichwa cha Namba Tisa kama mkia.

Alipata hamsini na saba, maana kuseti hakubebi alama nyingi kama kunyoosha. Ya kufaulu ni hamsini. Ile rola ilimgharimu alama nne, na kwenye usafi wa meza alipunguziwa kwa sababu ya ute wa kile kidole alioufutia hapo. Lakini cheti ni cheti. Kiko ukutani, kando ya kiti cha dirishani, kimening'inia upande kidogo kwa sababu Fundi alikipigilia msumari kwa furaha.

Bosi alilia kwa sauti yake ya kubembeleza. Vidole yeye alisubiri mpaka wateja watoke, akaja anapindapinda taulo.

"Dada, mimi ningepaka."

"Najua."

"Kadi ilisema kupaka. Ningepaka kabisa, na ningepata tisini na moja zangu."

"Ndiyo maana nitakufundisha kunusa," Kibanio akamwambia. "Halafu hiyo taulo ni yangu, iweke chini."

Namba Tisa sasa ni mteja wa kudumu, kila baada ya wiki mbili, rola na uvumilivu mpaka nywele mpya zishuke. Mwezi uliopita alifika na ncha nyekundu kama kaa la moto. Kibanio akazitazama, akamtazama.

"Ni jua, anti. Jua la siku hizi kali sana."

Kibanio akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji, na binti akakiri kabla hata tone halijamgusa: ilikuwa Alhamisi, jikoni, kwa shangazi yule yule.

Sasa na nyie mnaosoma huku mmeshika nywele zenu, msijifanye malaika. Ni dawa gani ulipaka kwa siri ukamwambia msusi wako ni za kuzaliwa? Nani alikupaka, jikoni kwa nani, na kilichobaki kwenye kitana kilikuwa kiasi gani? Wasusi nanyi, semeni uongo mliowahi kuapiwa mkiwa mmeshika ushahidi mkononi. Tuandikieni hapo chini, tena msifupishe. Na kama shangazi yake Namba Tisa naye anapita huku, tungependa sana kusikia upande wake.